Swala Watatu na Kifaru

Mahari yangu ilifika kwetu Iftin, mtaa wa Garissa, ndani ya soksi. Mchumba wangu, mtu mwenye duka huko Afrika Kusini, aliitoa kwenye begi lake mbele ya wazee, akaikung'uta juu ya mkeka, na sarafu tatu za dhahabu zikaanguka, kila moja ndani ya kikasha chake cha plastiki. Ya nne ilikuwa na heshima zaidi. Ilikaa kwenye sanduku dogo la mbao, imelazwa juu ya kitambaa cha buluu, na cheti chake kimekunjwa chini yake. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekuja tayari kubishana kuhusu ngamia. Sasa waliketi wakitazama vitu vinne vinavyoenea kwenye kiganja, na hakuna aliyejua aanze kubishana wapi.

"Hizi tatu zina swala," aliwaeleza. "Kila moja ni wakia moja ya dhahabu, na bei yake ni bei ya dhahabu ya siku hiyo, basi. Lakini hii ya kifaru ni sarafu ya ukumbusho. Ni nusu wakia tu, ila zilipigwa chache, kisha muhuri uliozipigia ukavunjwa. Siku moja kifaru huyu peke yake atawashinda swala wote watatu."

Baadaye, tulipobaki wawili, aliniletea glavu nyeupe za kitambaa. Sarafu ya kifaru, alisema, imepigwa mpaka ikang'aa kama kioo, na alama ya kidole kimoja inaweza kuishusha bei. Usiiguse. Usimwachie mtu aiguse. Nilizivaa glavu zile nikacheka, naye hakucheka.

Nitasema kweli, nilimpenda kwa ajili ya kifaru yule. Mimi nami nilikuwa na ugonjwa wa sarafu tangu shule. Marehemu baba alinipa ile shilingi arobaini iliyotolewa Kenya ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru, akaniambia niitunze, itakuwa na thamani kubwa. Nusu ya nchi hii iliambiwa hivyohivyo. Watu waliziweka kwenye makopo na chini ya magodoro, na mpaka leo wangali wanasubiri utajiri. Kwangu, mtu aliyejua sarafu na aliyezisema kwa macho yanayowaka alikuwa riziki iliyoshuka yenyewe. Sikuuliza kama anajua kukaa na mke.

Hakujua, au hakutaka. Alikaa nami mpaka msimu wa biashara ulipofika, akarudi dukani kwake. Alikuja tena mara mbili, kisha akaacha kuja. Nikasikia ameoa huko, ana watoto. Hilo halikuwa kosa, dini inamruhusu. Kosa lilikuwa kwamba hakuniacha. Kila baada ya miezi kadhaa simu yangu ililia, na ndani yake mlikuwa na hela za unga na sukari, si zaidi, si pungufu. Zilitosha tu mtu asiweze kusema amenitelekeza. Nilipokwenda kwa kadhi kuuliza kama ndoa inaweza kuvunjwa, niliulizwa swali moja: analeta matumizi? Nikasema analeta. Nilitoka pale nikiwa na hasira mpaka nikasahau viatu vyangu mlangoni, nikarudi kuvichukua huku nimeinamisha kichwa.

Kwa hiyo nikawa mke wa mtu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nina mshahara wangu na akili zangu, lakini nilipopewa nafasi ya kwenda kuwa naibu wa mkuu wa shule kaunti nyingine, shangazi zake walikuja kwetu na kahawa na tende, wakaketi, wakauliza kwa upole mwenye mke amesemaje. Mwenye mke hakusema kitu. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Wanaume waliotaka kuniposa walirudishwa mlangoni na mama kwa adabu, na wengine hawakufika hata mlangoni, maana Garissa kila mtu anajua nani ni wa nani. Niliamka, nikaenda shule, nikarudi, nikalala, na miaka ikapita juu yangu hivyo.

Utauliza kwa nini sikuziuza zile sarafu. Zilikuwa zangu, mahari ni haki ya mwanamke. Mwanzoni niliamini maneno yake kwamba zitapanda. Baadaye niliziacha kwa sababu nyingine. Katika dini yetu mwanamke anayetaka kujikomboa humrudishia mume mahari yake, na mume akikubali, ndoa inaisha. Sarafu zile ndizo zilizokuwa mlango wangu. Mtu hauzi mlango wake, hata kama umefungwa.

Na mlango wenyewe ulikuwa na gharama. Dhahabu iliyolala ndani mwaka mzima, ikifika nisabu, kile kiwango kilichowekwa na dini, hutolewa zaka. Swala watatu peke yao walifika. Kila Ramadhani nilichukua sehemu ya mshahara wangu nikawalipia zaka swala na kifaru, ambao sikuweza kuwauza, wala kuwavaa, wala hata kuwashika bila glavu. Mama aliniona nikilipa, na nilijua jambo lile linamla. Mama yangu ni mtu anayeweza kuvumilia njaa, hawezi kuvumilia mtoto wake alipe kitu kisicho na faida.

Nilijifariji kwa kukusanya sarafu zangu mwenyewe. Hela za kusahihisha mitihani zilinunua wakia za fedha kutoka kwa muuza sarafu mmoja wa Nairobi, mtu mcheshi niliyezungumza naye zaidi kwa simu. Nilizipenda zaidi zile zenye ndovu, ambazo upande wa pili zina ngao ya Somalia. Zinapigwa Ulaya, na sidhani kuna duka Mogadishu lililowahi kupokea hata moja. Mama aliishika moja akauliza kama anaweza kuitumia kununulia sukari. Nikamwambia hapana. Akauliza basi ni ya nini. Nikasema ni kitu nilichokichagua mimi. Kwa kununua na kuuliza bei ndipo nilipojifunza ambalo mume wangu hakuwahi kujifunza: wakia inabaki wakia popote utakapoipeleka, bali sarafu ya ukumbusho bei yake inasimama kwa mtu mmoja tu, yule anayeitaka. Asipokuwepo, unabaki na uzito wake. Lakini nilijifunza hilo juu ya sarafu za wengine. Kifaru wangu sikumfikiria hivyo. Alikuwa amepakwa ahadi nyingi mno.

Ramadhani moja nilikwenda Nairobi kwenye semina ya walimu. Niliporudi, mama alikuwa ananisubiri uani, chini ya mwarobaini, amevaa baibui lake la sikukuu ingawa haikuwa sikukuu. Uso wake uling'aa. Aliniambia nifumbe macho, nikahisi kitu kizito na cha baridi kikianguka shingoni mwangu.

Nilifumbua macho nikaona mkufu. Swala wawili upande huu, swala mmoja upande ule pamoja na shanga kubwa ya dhahabu ili uzito ulingane, na katikati kifaru wangu ananing'inia kwa kitanzi kilichochomelewa juu ya kichwa chake. Alikuwa amesuguliwa akawa safi kama sufuria ya harusi. Ule mng'ao wa kioo haukuwepo tena.

"Sheikh wa darsa letu alitufundisha," mama alisema. Kwetu tunazungumza Kisomali, na kwa Kisomali mama yangu ana maneno mazuri. "Katika madhehebu yetu, dhahabu ambayo mwanamke anaivaa haina zaka. Iliyowekwa ndiyo yenye zaka. Nikamuuliza, na sarafu? Akasema ikitiwa kitanzi ikavaliwa, ni pambo kama pambo lingine. Nikazipeleka kwa sonara. Sasa ni mkufu, binti yangu. Hudaiwi kitu."

"Hooyo," nilisema, maana hivyo ndivyo tunavyowaita mama zetu. Nilitaka kuuliza vikasha viko wapi. Sikuwa na haja ya kuuliza. Mchi wa kinu ulikuwa umeegemea ukutani, na chini yake vipande vya plastiki vimefagiliwa vizuri vikawekwa rundo moja. Sanduku la mbao lilikuwa dirishani, limejaa sindano na vifungo.

Nilimkumbatia ili asiuone uso wangu. Alidhani nimefurahi, akaanza kulia yeye. Nikavaa mkufu ule sikukuu nzima, na wanawake wa Iftin wakaja kuuangalia, na wawili wakauliza ni sonara gani. Ndani nilijiambia mlango wangu umepigwa misumari, na aliyeupiga misumari ananipenda kuliko mtu yeyote duniani. Ungemgombeza nani?

Kisha dhahabu ikapanda. Ilipanda kwa namna ambayo hata wauza mbuzi waliizungumza sokoni. Na mume wangu, ambaye miaka yote nilipomwomba tuachane alinijibu nisubiri, alipiga simu mwenyewe. Alisema amefikiri. Alisema hapendi kumfunga mtu. Alisema nikirudisha mahari yangu yote, atanifungulia. Dhahabu ilipanda na moyo wake ukalainika, siku hiyohiyo. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Kwa kuwa yeye hakutaka kusafiri, alimwakilisha adeer wake, ndugu wa baba yake, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Takaba, ambaye ndiye aliyemsimamia siku ya nikaha. Mzee alikuja, tukakutana kwenye duka la sonara, kwa sababu alitaka mizani. Sonara huyu ni mtu wa Lamu ambaye ukoo wake umeshakaa Garissa muda mrefu, hajui Kisomali cha kutosha, ndiyo maana siku ile sote tulisema Kiswahili.

Nilivua mkufu nikauweka kwenye kaunta. Adeer aliuinua. Kiswahili chake hakina p, kina b tu.

"Hii bete ya juu nani aliweka?"

"Mimi, mzee wangu," sonara alisema. "Mama yake ndiye aliyeniagiza. Kwa ajili ya zaka."

Adeer alitikisa kichwa taratibu. Alielewa mara moja, na sikuona dharau usoni mwake. Nadhani mke wake naye alikuwa amehudhuria darsa.

"Sawa. Bima."

Sonara akavitoa vitanzi kwa moto, akazisafisha sarafu, akaziweka mizanini moja moja. Swala wakawa vilevile, wakia zao hazikupungua. Kifaru naye uzito wake ulikuwa uleule. Ila juu ya kichwa chake palibaki kovu, doa la rangi iliyofifia kiasi cha punje ya mtama.

Adeer akampigia mtoto wa ndugu yake, akaweka simu kwenye kaunta tumsikie sote. Alimweleza kwa Kisomali kilichotokea. Sauti ya mume wangu ilitoka ndani ya simu kama ya mtu aliyeumwa na nge.

"Kifaru wamemchomelea? Kifaru?"

"Sikiliza," adeer alisema. "Ngamia wangu akiibwa, mwizi akamchoma alama yake juu ya alama yangu, siku nikimpata nitasema si wangu? Ngamia ni yuleyule. Alama ni moto tu."

"Adeer, sarafu si ngamia. Swala nawapokea kwa mizani. Kifaru arudi kama nilivyompeleka, bila kovu. Ile ndiyo iliyo na thamani. Bila hiyo, sitamki neno." Akakata.

Adeer aliitazama simu, kisha akanitazama mimi. Aligeukia Kiswahili, nadhani ili sonara asijione ametengwa. "Abaayo," alisema, na neno hilo, ambalo ni dada, aliliweka kwa huruma. "Mimi nilijaribu. Yeye kichwa yake iko gumu. Bole."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Jua la Garissa saa saba si la kutembea, lakini sikutaka kuketi karibu na mtu. Nilikuwa nimekwama vibaya zaidi kuliko mwanzo, maana kabla ya hapo nilikuwa na tumaini la kushikilia, na sasa tumaini lenyewe lilikuwa na kovu. Zilipigwa chache. Muhuri ukavunjwa. Ningempata wapi kifaru mwingine? Mama alikuwa jikoni. Aliponiona tu alijua, na akauliza kama ni kwa sababu ya vitanzi. Sikumdanganya. Aliketi kwenye kigoda akaivuta shela yake mpaka ikamfunika uso.

Ilikuwa ni kwa kukata tamaa, wala si kwa akili, kwamba nilimwandikia yule muuza sarafu wa Nairobi. Nilimweleza sarafu ya kifaru, mwaka wake, sanduku la mbao, kila kitu, nikamsihi aniulizie hata nje ya nchi kama kuna mtu mmoja anayeweza kukubali kuniuzia, kwa bei yoyote. Nilikuwa tayari kukopa. Jibu lilikuja kabla ya adhana ya alasiri.

"Mwalimu, vifaru wapo. Unataka wangapi?"

Nilimpigia. Alikuwa anacheka, lakini si kwa ubaya. "Zilipigwa chache, kweli kabisa," aliniambia. "Shida ni kwamba wanaozitaka ni wachache kuliko hizo. Mtu anafariki, watoto wanaleta sanduku, wanaambiwa bei ya dhahabu, wananuna, wanauza. Siku hizi watu wanataka wakia, Mwalimu. Hawataki hadithi."

Alitaja bei. Ilikuwa nusu wakia ya dhahabu na kitu kidogo juu, kama bakshishi ya mtu aliyekuletea mzigo. Nikamuuliza mara ya pili ili niwe na hakika, kisha nikamwambia achukue ndovu wangu wote. Fedha nayo ilikuwa imepanda, walitosha. Niliwafunga kwenye taulo, ndovu wale niliowachagua mmoja baada ya mwingine kwa mishahara ya mitihani, nikawapeleka Nairobi mwenyewe, nikarudi na kifaru. Iliniuma. Lakini uchungu wa kutoa kitu kwa hiari yako nilikuwa sijauonja kwa miaka, na haukuwa mchungu sana.

Tulikutana tena kwa sonara, mashahidi wawili wameketi kwenye benchi. Nilipanga swala watatu, kisha nikafungua sanduku la mbao, ambalo mama alikuwa amelitoa sindano na kulipangusa ndani kwa pamba. Kifaru alilala juu ya kitambaa cha buluu, anang'aa, hana hata alama ya pumzi.

"Adeer," nilisema, "sitaki ndoa yangu iishe kwa uongo. Huyu si yule. Ni ndugu yake, amepigwa kwa muhuri uleule."

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akapiga simu, akanipa nieleze mwenyewe. Nilieleza. Upande wa pili palikuwa na kelele za duka, mtu anaulizia mkate.

"Umempata wapi?" mume wangu aliuliza. "Hawapatikani."

"Nairobi."

"Alikuwa naye mmoja?"

"Aliniuliza nataka wangapi."

Nilijua anachokifikiria, kwa sababu mwaka mmoja alinitumia picha ya droo yake: masanduku ya mbao yamepangwa safu, vifaru na simba na marais na meli, faida yote ya duka lake na, kwa namna fulani, matumizi yangu yote ya zaidi ya unga na sukari, ambayo hakuwahi kunitumia. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, alinunuliwa kwa kiasi gani. Nikamtajia bei. Sikuongeza neno. Nilitaka sana kuongeza, Mungu anajua.

Mteja wake aliulizia mkate tena.

"Adeer," alisema mwishowe, "maliza."

Adeer akayatamka maneno, polepole, kwa niaba yake, mashahidi wakayasikia, na baadaye kadhi akayaandika. Sonara alinimiminia chai. Nilikirudisha kikombe mezani bila kunywa, na nilichokihisi hakikuwa furaha. Ilikuwa hasira. Nilimlinda kifaru kwa glavu miaka yote ile, nikakosa cheo, nikakosa watoto, na ndugu zake walikuwa wamejaa Nairobi wakisubiri kuulizwa. Miaka yangu ndiyo iliyopigwa michache, na hakuna muuzaji wa kumpigia simu.

Eda yangu ilikwisha. Nimeomba uhamisho, sijajibiwa bado, na shangazi zake hawaji tena na tende. Kifaru mwenye kovu alibaki kwangu. Sonara alimrudishia kitanzi chake bila malipo, nami namvaa kwenye uzi mweusi. Ramadhani hii mama aliniuliza kwa wasiwasi zaka yangu ni kiasi gani mwaka huu. Nikamwambia nusu wakia haifiki nisabu, hata ningeifungia kabatini. Sidaiwi kitu.

"Basi ungekitoa kile kitanzi," alisema. "Kinaiharibu."

"Kiache, Hooyo."

Darasani, wanafunzi wakiandika insha, nina tabia ya kumshika kifaru yule huku nikitazama dirishani. Namshika kwa vidole vitupu, vyenye chaki na jasho. Pembe yake imeanza kufutika.